Miguu Kabla ya Noti: Mdundo, Uimbaji na Miondoko Katika Darasa la Sekondari Msingi

Mpigo ndio msingi wa somo la muziki, nao hufundishwa kwa miguu kabla ya mikono, na kwa mikono kabla ya macho. Mtoto wa miaka 12 anayeingia gredi ya saba huwa ameruka kamba miaka mingi, ameitikia nyimbo za harusini na msibani, amepiga makofi kanisani au ametikisika na kasida madrasani. Mdundo anao tayari mwilini. Kazi ya darasa ni kumwezesha kuujua kwa jina, kuushika kwa kukusudia, kuupokezana na wenzake na mwishowe kuuandika.

Utaratibu unaoelezwa hapa unatokana na kumbukumbu za mwalimu mmoja wa shule ya umma katika Pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Alianza kufundisha muziki katika madarasa ya juu ya shule ya msingi enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4, akaendelea nao Sekondari Msingi ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa gredi ya saba mwaka 2023. Mengi aliyojifunza yalitokana na vipindi vilivyomwendea vibaya, na cha kwanza kati ya hivyo ni kile alimochora ubaoni mistari mitano, akapanga noti kwa ukubwa, na kuwaachia wanafunzi wanakili kwa dakika 40. Hakuna kofi lililopigwa siku hiyo. Wiki iliyofuata darasa zima liliweza kukariri maana ya mpigo neno kwa neno. Walipoombwa wapige makofi kwa mpigo mmoja, ilisikika kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati, kila tone na wakati wake.

Aliwatoa nje, chini ya mwarobaini, akawaambia watembee.

Hali hiyo ya kukariri mpigo bila kuweza kuushika haikuwa ya shule moja wala ya bara moja. Émile Jaques-Dalcroze, aliyeanza kufundisha katika chuo cha muziki cha Geneva nchini Uswisi mwaka 1892, alikuta wanafunzi waliojua kanuni za muziki kwenye karatasi lakini wasioweza kushika mwendo wanapopiga ala. Aligundua kwamba watu haohao walitembea barabarani kwa hatua zilizolingana bila kufikiri. Ndipo akajenga mazoezi yake juu ya hatua hizo: mwanafunzi anatembea, muziki unabadilika, mwili unajibu. Mazoezi hayo yana zaidi ya miaka mia moja sasa, na hayahitaji kifaa chochote zaidi ya uwanja na ngoma.

Chini ya mwarobaini jambo la kwanza kujulikana lilikuwa kasi. Mwalimu alianza na mpigo wa polepole akidhani mambo ya polepole ni mepesi, na mistari ikavurugika. Mwendo wa taratibu ni mgumu kuliko wa haraka kwa sababu nafasi kati ya pigo na pigo ni pana, na mtoto hana cha kushikilia katikati. Mwendo wa mtu anayekwenda zake sokoni, hatua 100 hadi 120 kwa dakika, ndio unaofaa kuanzia. Ukishakaa, ngoma inapunguzwa kasi kidogo kidogo na wanafunzi wanajifunza kuijaza ile nafasi kwa kuyumba.

Zoezi la pili ni la kunyamaza. Darasa linatembea hatua nane, linasimama na kuhesabu nane kimoyomoyo, kisha linaanza tena kwa pamoja bila ishara ya mwalimu. Mara za kwanza wengine huwahi, wengine huchelewa, na vicheko ni vingi. Baada ya wiki mbili au tatu miguu 100 hutua kama mmoja. Kimya kile cha kati ndicho pumziko la muziki. Mwanafunzi aliyelibeba mwilini hatalipuuza atakapolikuta limeandikwa, ilhali yule aliyeliona kwanza kwenye karatasi hulihesabu kuwa mahali pasipo na kitu na kuliruka.

Baada ya mpigo huja ruwaza, yaani mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya mpigo huo. Hapa njia inayotumiwa katika nchi nyingi ni ya Zoltán Kodály (1882–1967), mtunzi wa Hungary aliyeshikilia kwamba elimu ya muziki ianze na nyimbo za watu wenyewe na kwamba chombo cha kwanza ni koo. Shule ya msingi ya kwanza iliyojengwa juu ya fikra zake ilifunguliwa katika mji wa Kecskemét mwaka 1950. Katika njia hiyo noti ya mpigo mmoja hutamkwa ta, na mbili za nusu mpigo hutamkwa ti-ti. Walimu wengi hubadilisha silabi hizo kwa majina ya vitu ambavyo watoto wanavijua, hasa vyakula, na mwalimu wa Pwani alifanya hivyohivyo. Kwa noti mbili aliweka ndizi, kwa tatu zinazogawana mpigo mmoja aliweka karanga, na kwa nne aliweka kachumbari.

Ndizi ilikubali. Karanga ilikataa. Kila mara mwalimu alipopiga mpigo wake kwenye silabi ya kwanza, wanafunzi walivuta mpaka mpigo ukatua kwenye ya pili. Yeye alisema KA-ra-nga, wao wakajibu ka-RA-nga. Alidhani hawasikilizi, akarudia kwa ukali. Msichana mmoja wa gredi ya saba akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hakuna mtu anayeuza karanga akiita hivyo."

Alikuwa na haki. Kihungari huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, kwa hiyo neno lolote la Kihungari huanzia juu ya mpigo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno lenye silabi mbili, kama ndizi, huanza na mpigo; lenye silabi tatu, kama karanga, huanza kabla ya mpigo, na lenye silabi nne, kama kachumbari, hurudi mahali pake likigawanywa silabi mbili kwa kila mpigo, mkazo ukiangukia mpigo wa pili. Mwalimu anayenakili njia ya Kodály kama ilivyo huwafundisha watoto wa Kiswahili kutamka lugha yao kombo. Kosa hilo lina umri mrefu katika Afrika Mashariki. Nyimbo nyingi za kanisa zilitafsiriwa zikavalishwa tuni za Ulaya zilizokwisha kushonwa kwa lugha nyingine, na waumini wamezoea kuimba maneno yao wenyewe yakiwa na mkazo mahali pasipokuwa pake.

Tangu siku hiyo karanga iligeuka kuwa mfano wa noti ya utangulizi, ile inayokuja kabla ya pigo kubwa. Watoto wananyanyua mguu kwenye ka na kuukanyaga kwenye ra. Jambo ambalo vitabu huliweka katika sura za nyuma kwa kuwa wageni huliona gumu, darasa la Kiswahili linaweza kulipata mwezi wa kwanza.

Silabi zenyewe ziliwahi kuzua mjadala. Katika kupiga kofi kwa kila silabi, nusu ya darasa ilipiga makofi mawili kwa neno mtoto na nusu ikapiga matatu. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akipita na vitabu vyake, ndiye aliyekata shauri: m ya mtoto ni silabi kamili, basi ni makofi matatu, m ya mbuzi imeshikamana na b, basi ni mawili. Kanuni hiyohiyo hutumika katika kuhesabu mizani za shairi, na mwalimu wa muziki akatambua kwamba nusu ya somo lake ilikuwa inafundishwa chumba cha pili.

Shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Ukizigawa nane hizo mbili mbili, unapata mipigo minne. Silabi ya saba, ambayo ndiyo ya pili kutoka mwisho, huangukia mpigo wa nne, na hapo ndipo mkazo wa neno la mwisho ulipo. Katikati ya kipande maneno yanaweza kuyumba, mkazo mmoja ukawa juu ya mpigo na mwingine nje yake, lakini kituo hupatana sikuzote na hatua ya mguu. Haya si ya kubahatisha. Washairi walitunga kwa kuimba, na sikio lao lilijua. Wanafunzi waliokuwa wakiyaona mashairi kama adhabu ya mtihani waliyatembea uwanjani, ukwapi wakienda, utao wakirudi, na wengi wao walianza kutunga yao ili tu wayatembee.

Mdundo wa Kiafrika una jambo moja ambalo mwalimu hawezi kuliruka: tatu juu ya mbili. Mikono inagawa muda katika sehemu tatu zilizo sawa huku miguu ikiugawa muda uleule katika sehemu mbili. Umo katika ngoma nyingi za Pwani na za bara, na watoto wengi huucheza bila kujua. Kuufundisha kwa hesabu ni kazi ya kuchosha. Kuufundisha kwa maneno huchukua dakika kumi. Sentensi fupi "mama kaja" inatosha. Hutamkwa kwa ma ya kwanza ndefu, ma ya pili fupi, ka fupi, na ja ndefu, tena na tena bila kituo. Mikono inapiga kofi kwenye silabi ya kwanza, ya pili na ya nne. Mguu unakanyaga kwenye ya kwanza na ya tatu. Kwanza mikono peke yake, halafu miguu peke yake, halafu safu moja mikono na safu nyingine miguu, na mwishowe kila mtu vyote viwili. Maneno yananong'onwa, kisha yanaachwa, na mdundo unabaki umesimama. Katika miaka yake yote mwalimu huyo hakuona kipindi kilichowafurahisha wanafunzi kuliko hiki, wala kilichowanyoosha zaidi wale waliokuwa wakijiona hawana kipaji.

Uimbaji katika umri huu una tatizo lake, nalo ni la mwili. Kati ya miaka 11 na 15 zoloto hukua. Kwa wavulana nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa mpaka sauti inashuka karibu oktavu nzima, na safari hiyo haiendi sawasawa: leo noti ya juu ipo, kesho imepotea, na katikati ya wimbo sauti inapasuka mbele ya darasa zima. Wasichana nao hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo. Sauti zao huwa na hewa nyingi na huchoka upesi. Mwalimu asiyejua haya humwona mvulana anayeimba nje ya tuni kuwa mzembe au hana sikio.

Mwalimu wa Pwani aliwahi kufanya hivyo. Alipokuwa akiandaa kwaya ya shule kwa tamasha, alimwambia mvulana mmoja wa miaka 13 asimame na wenzake lakini afungue mdomo tu bila kutoa sauti, asiharibu. Mvulana alitii. Kwaya ilipata alama nzuri, na mtoto yule hakuimba tena darasani hadi alipomaliza shule, hata wimbo wa taifa gwaride likisimama. Katika kumbukumbu za mwalimu huyo hakuna jambo linalomuuma kuliko hilo.

Dawa ya tatizo hilo la sauti ni ndogo. Mwanafunzi mwenye sauti inayobadilika apewe noti tatu au nne anazozimudu wiki hiyo, si zaidi. Nyimbo za kuitikizana zinafaa kwa sababu kiongozi hubeba tuni ndefu, na waitikiaji hurudia kipande kifupi kinachoweza kupangwa chini au juu. Wenye sauti iliyokwisha kushuka wanaweza kushikilia noti moja ya msingi kama mlio wa nyuki, huku wengine wakiimba tuni juu yake. Kila baada ya majuma machache darasa lipangwe upya, kwa kuwa aliyekuwa juu muhula wa kwanza huenda yuko chini muhula wa pili. Wavulana waelezwe wazi kinachotokea kooni mwao. Wakishajua kwamba sauti inayopasuka ni sauti inayokua, kicheko hupungua, na wengine huanza kuulizana nani ameshuka zaidi.

Mwalimu mwanamume ana mtego mwingine. Akiimba kwa sauti yake ya kawaida, watoto ambao hawajabadilika hujaribu kumfuata alipo, oktavu moja chini, na wanaishia kunguruma. Ni afadhali amtangulize msichana mwenye tuni thabiti, darasa limfuate yeye, na mwalimu abaki na ngoma. Kabla ya wimbo, dakika tatu za kupasha koo zinatosha: kuvuma mdomo ukiwa umefumbwa, kutetemesha midomo kama anayefukuza ng'ombe, kupandisha na kushusha sauti kama king'ora cha mbali. Kupaza sauti kwa nguvu, ambako gwaride la asubuhi limewazoesha watoto wengi, ni kuimba kwa koo lililokazwa, na kunapaswa kuachishwa polepole kwa kuwafanya wasikilizane.

Wimbo wenyewe hufundishwa kwa sikio. Mwalimu anauimba wote mara mbili, darasa likitembea mpigo wake. Mara ya tatu linaitikia kiitikio. Mara ya nne linashika kipande kwa kipande. Karatasi yenye maneno ikigawiwa mapema, macho hushuka na masikio hufunga. Nyimbo ziko karibu kuliko inavyodhaniwa. Hata tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitokana na bembelezi la Wapokomo wa mto Tana, likapangwa upya mwaka 1963 na kamati iliyoongozwa na Graham Hyslop, akiwemo pia George Senoga-Zake. Wanafunzi waliposikia habari hiyo waliombwa wauvume wimbo walioujua kwa gwaride huku wakiyumbisha mikono kama waliobeba mtoto mchanga. Tuni ileile, iliyozoea kusimamishwa wima, ikalala. Msichana mmoja ambaye mama yake ni Mpokomo alikwenda nyumbani, akarudi Jumatatu na bembelezi lingine.

Tuni ikishakaa, majina ya noti huja kwa solfa, yaani do, re, mi. Historia ya solfa ina mzunguko wa kupendeza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, aliitunga kwa ajili ya watoto. John Curwen (1816–1880) aliikuza na kuiongezea alama za mkono. Wamisionari wakaileta Afrika ndani ya vitabu vya nyimbo. Na Kodály akazichukua alama zilezile kwa shule za Hungary. Katika Afrika Mashariki kwaya nyingi za makanisa bado zinasoma herufi za solfa kuliko mistari mitano. Mwanafunzi anayerudi nyumbani na mkono wa do, re, mi huenda akamkuta bibi yake anayejua jambo hilo kumzidi. Mwalimu wa muziki anayeipuuza solfa kwa kuiona ya kizamani anatupa elimu ambayo wazee wa mtaa wanaweza kumsaidia kuifundisha bila malipo.

Miondoko ndiyo sehemu inayoogopwa zaidi, na umri ndio sababu. Mtoto wa miaka minane hucheza akiambiwa. Wa miaka 13 kwanza hutazama nani anamtazama. Kumsimamisha mmoja mbele ya darasa acheze ni njia ya hakika ya kumfanya achukie somo. Duara lina faida kubwa: halina mbele wala nyuma, na kila mtu anatenda jambo lilelile kwa wakati mmoja. Mwalimu huanza na kazi za mkono zinazojulikana na wote, kama kupiga kasia, kuvuta kamba ya jarife, kutwanga, kupepeta, kulima. Hakuna anayeona haya kulima. Baada ya dakika tano za kulima kwa mpigo mmoja, wimbo ukiwa juu yake, darasa linacheza ngoma na halijatambua.

Katika Pwani suala la heshima ni la kweli, wala mwalimu hapaswi kulipuuza. Baba mmoja alifika shuleni akiwa ametulia, akasema, "Mwalimu, mimi sikatai mtoto kuimba. Binti yangu kukata kiuno mbele ya wavulana, hilo sitalikubali." Mwalimu alimjibu, "Nimekufahamu, mzee. Hebu nipe juma moja, kisha uje utazame." Alipanga safu badala ya duara, wasichana upande wao na wavulana upande wao, na miondoko ikawa ya miguu, mikono na mabega. Mfano wake aliuchukua katika mila ya Waislamu wenyewe. Maulidi ya Lamu huambatana na matari na kuyumba kwa pamoja. Maulidi ya homu ya Zanzibar huwa na watu waliopiga magoti kwa safu, wakiinama na kuinuka kama wimbi moja. Mzee alipokuja alikaa mpaka mwisho wa kipindi, na alipoondoka alisahihisha namna mvulana mmoja alivyoshika dufu.

Darasa la mji wa Pwani huwa na watoto wa asili nyingi, na huo ni utajiri usiopatikana kwa fedha. Mgiriama huja na kayamba na anajua kuitikisa kwa mgawanyo ambao mgeni humchukua miezi kuupata. Mvulana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kakamega alieleza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na neno lake. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Darasani ilitengenezwa kwa mitungi mitatu ya plastiki ya ukubwa tofauti, na mvulana yule, ambaye kwa Kiswahili cha insha hakuwa akizidi wastani, akawa mwalimu kwa vipindi vitatu. Ni vyema kila ngoma ifundishwe na aliyeirithi, na ielezwe huchezwa lini na kwa nini. Ngoma ya msibani isifanywe mchezo wa kuchangamsha darasa.

Kuhusu ala, machache yanatosha: vifuu vya nazi, vijiti, kayamba, mitungi. Kanuni ni moja, kwamba mkono wa mwalimu ukiinuka kila ala inalala chini. Malalamiko ya kelele kutoka madarasa jirani yatakuwepo. Uwanja na ratiba iliyokubaliwa mapema na walimu wengine huyamaliza mengi.

Kuandika kunakuja mwisho, na kunakuja kwa urahisi kama yaliyotangulia yamefanyika. Wanafunzi huchora kwa kijiti mchangani mstari mmoja kwa kila hatua ya mguu, kisha huweka alama za makofi juu yake. Hapo ndipo mstari wa kugawa vipimo unapoeleweka: husimama mbele ya mahali mguu mzito unapotua. Darasa lililokwisha kuitembea ka-RA-nga huweka ka upande wa kushoto wa mstari huo bila kuambiwa. Mistari mitano ya noti huletwa muhula wa pili au wa tatu, kwa ajili ya tuni ambazo tayari zimo vinywani.

Upimaji wa somo hili umeuponza muziki mara nyingi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliuweka muziki katika ratiba ya shule ya msingi na ukautahini pamoja na sanaa na ufundi. Muziki ulipoondolewa kwenye mtihani, katika shule nyingi vipindi vyake viligeuzwa vya hisabati. Katika Mtaala wa Umilisi, uliofuata 8-4-4, upunguzaji wa masomo wa mwaka 2024 uliuingiza muziki pamoja na michoro, maigizo na michezo katika eneo moja la sanaa bunifu na spoti, ambamo fani hizo zote hugawana saa za wiki. Kuna hatari muziki ukawa sura chache za kusomwa usiku wa kuamkia mtihani. Mdundo hupimwa kwa kumtazama mtoto akiutenda, katika vikundi vya wanne au watano ili aibu isiharibu kipimo: anashika mpigo ngoma ikinyamaza? Anaingia mahali pake? Anamsikia mwenzake? Mwalimu mwenye daftari na macho hupata majibu hayo katika vipindi viwili.

Tamasha la Muziki la Kenya, linalofanyika tangu 1927, limewalea waimbaji na watunzi wengi na linastahili heshima. Hata hivyo lina gharama yake shuleni. Miezi ya maandalizi, walimu huchagua wanafunzi wachache wenye uwezo, na waliosalia huachwa darasani na vitabu vyao. Shule yenye watoto 400 ikileta kikombe kwa jasho la 40, watoto 360 hawajafundishwa muziki. Kikombe kisiwe ndicho kipimo cha somo.

Mwalimu anayeanza muhula ujao hana haja ya kungoja vitabu vipya. Wakati wa mapumziko asimame kando ya uwanja, asikilize nyimbo za kuruka kamba na za kupigana viganja ambazo watoto wanaziimba peke yao, aandike maneno, ahesabu hatua, aweke alama mahali mguu unapotua, na aandike tarehe na jina la mahali. Nyingi ya nyimbo hizo hazijaandikwa popote, na kila mwaka baadhi yake huondoka na wanafunzi wa gredi ya tisa.